Safu ya Maji: Barua za Mto Mara

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwenye bonde moja, la mto Mara. Nimezipanga kutoka mdomoni kupanda kwenda vyanzoni, kwa sababu wa chini ndio wanaoandika kwa hasira zaidi. Baadhi nimezifupisha, maneno makali nimeyaacha.

Shikamoo mzee. Mimi ni mvuvi wa kamongo na kambale upande wa Kirumi, karibu na daraja la barabara ya Musoma kwenda Sirari. Kila kiangazi maji yanazidi kupungua, na wazee wetu wanasema Wakenya wanayamaliza huko juu. Kuna mkataba wowote unaowabana, au sisi wa mwisho kazi yetu ni kuokota mabaki?
*Mvuvi, Kirumi*

Marahaba, mwanangu. Kwanza tuwe wakweli kuhusu huo mto. Unaanzia kinamasi cha Enapuiyapui kwenye msitu wa Mau, unashuka ukiwa mito miwili, Nyangores na Amala, inakutana, inakatiza Maasai Mara, inaingia Serengeti, halafu inageukia magharibi hadi kwako. Ni kama kilomita 395, na karibu theluthi mbili ya bonde iko Kenya. Kwa hiyo ndiyo, jirani anachota kwanza. Lakini kati ya mpaka na Kirumi kuna mashamba, mifugo na machimbo ya Tarime na Serengeti, nayo yanakutangulia vilevile. Mto hauulizi uraia wa ndoo.

Mikataba ipo. Kuna Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa 1999. Kuna Itifaki ya Maendeleo Endelevu ya Bonde la Ziwa Victoria ya 2003, inayozitaka nchi zitumie maji kwa usawa, zisimdhuru jirani, na zimjulishe kabla ya kujenga jambo kubwa. Msimamizi wake ni Tume ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao Kisumu. Mwaka 2015 Kenya na Tanzania zikatia saini hati yao wenyewe ya kusimamia Mara kwa pamoja. Kwa karatasi hatuna njaa.

Tunachokosa ni namba ambayo pande zote mbili zinaikubali. Mimi nimekula mshahara wa geji maisha yangu yote ya kazi, kwa hiyo nivumilie kidogo hapa. Geji ni ile rula ya chuma iliyopigiliwa kwenye nguzo ukingoni. Msoma geji anashuka asubuhi, anashuka tena jioni, anatazama maji yamegusa alama gani na anaiandika kwenye daftari. Alichoandika ni kimo tu. Ili kimo kigeuke kuwa mita za ujazo kwa sekunde, lazima mafundi waingie mtoni na mita ya mkondo, wagawe upana wa mto vipande vipande, wapime kina na kasi ya kila kipande, wajumlishe. Wakirudia hivyo mto ukiwa mdogo, wa wastani na umefurika, wanapata mchoro unaooanisha kimo na mtiririko. Kuanzia hapo kusoma rula kunatosha. Ila mafuriko mamoja yakihamisha mchanga chini ya geji, mchoro ule unaanza kudanganya, na Mara ni mto wa kuhamisha mchanga kila masika tangu misitu ya Mau ilipoanza kukatwa. Usipopimwa upya, utasoma rula safi kabisa na kuandika uongo.

Kenya wana geji ya Nyangores pale Bomet na ya Amala pale Kapkimolwa. Sisi tuna Mara Mines. Tuseme namba za vituo hivyo vitatu zinakaa kwenye jedwali moja, kila asubuhi, na ofisi za pande zote mbili zinaliona. Maji yakipita Bomet na Kapkimolwa yasionekane Mara Mines, tunajua yamepotelea katikati na tunakwenda kutafuta pampu. Yakiwa hayakupita hata Bomet, basi ni mvua au Mau yenyewe, na hasira yako kwa mkulima wa Narok haina msingi. Zikibaki kwenye makabati mawili ya nchi mbili, utaendelea kusikia ya wazee.

Unakumbuka Machi 2022, maji ya Kirumi yalipogeuka meusi na samaki wakaelea. Kamati ya serikali ikasema ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na magugu yaliyooza, na nchi nzima ikabisha. Sirudishi mabishano yale. Nasema tu kwamba kipimo cha oksijeni kinachorekodi mfululizo, mchana na usiku, kwenye maeneo kadhaa ya mto, kingeonyesha tatizo lilianzia wapi na lini. Mabishano yangekuwa mafupi sana.

Salamu sana mzee. Nalima kabichi na nyanya kando ya Amala, si mbali na Mulot. Nina pampu ya petroli ya inchi mbili. Nimeambiwa lazima nichukue kibali, na kiangazi kikikaza niizime kabisa ili viboko wa Mara wapate maji. Siku hizi kiboko ni raia kuniliko mimi?
*Mkulima, Mulot*

Salamu zimefika, ndugu yangu. Aliyekueleza amekueleza nusu. Sheria ya Maji ya Kenya ya 2016 inataja akiba: kiasi cha maji na ubora wake ambacho lazima kibaki kwa mahitaji ya msingi ya binadamu na kwa kulinda viumbe wa majini. Vyote viwili viko ndani ya akiba moja. Maji ambayo mama watoto anachota kwa mtungi kupikia yamo humo pamoja na ya kiboko, na kuchota kwa mkono kwa ajili ya nyumbani hakuhitaji kibali. Pampu ya kabichi iko nje. Sheria ya Tanzania ya 2009 nayo inatanguliza matumizi ya nyumbani na akiba ya mazingira kabla ya kilimo na viwanda. Kwa hiyo nchi zote mbili zimekubaliana kuhusu nani aanze, na hilo si jambo dogo. Mito mingi duniani imeliwa kwa utaratibu wa kinyume, watu wanagawana yote halafu samaki wanaambiwa wasubiri mvua.

Sasa huyo kiboko. Upande wa Kenya peke yake wako zaidi ya 4,000 kwenye Mara na vijito vyake. Usiku wanakula majani nje, mchana wanarudi kukaa majini, na kila walichokula kinaishia humo humo. Mto ukiwa na nguvu, kinyesi kinasambaa na kuwa chakula cha wadudu na samaki mbali huko chini. Mto ukikonda, madimbwi yao yanatulia, kinyesi kinajikusanya chini, bakteria wanakula oksijeni yote hadi maji ya chini yanakosa pumzi na kujaa gesi yenye sumu. Kisha mvua ya ghafla inanyesha Mau, wimbi linafagia madimbwi yote kwa mkupuo, na ule uozo unashuka kama kizibo cheusi. Samaki wanakufa kwa wingi, marabu na mamba wanakula hadi wanachoka. Watafiti wamelipima jambo hili kwenye Mara yenyewe na kulitangaza 2018. Kwa hiyo wakikwambia zima pampu, hoja si kumnywesha kiboko. Hoja ni kwamba maji yakipungua mno, kiboko anageuka mchafuzi bila kosa lake.

Hata hivyo nakuunga mkono kwenye jambo moja. Si haki mwenye pampu ya inchi mbili akaguliwe kabla ya mwenye mitambo inayonyeshea mamia ya ekari. Chukua kibali, maana bila kibali huna sauti mezani. Ingia kwenye chama cha watumizi wa maji cha eneo lako, na ukiwa humo uulize kwa sauti: vibali vyote vya mto huu vikijumlishwa, vinazidi maji yaliyopo kiangazi au havizidi? Wakiwa na jibu, wakuonyeshe. Na ukipata nafasi chimba bwawa dogo shambani, ulijaze wakati Amala imefura. Maji ya mafuriko hayagombewi hivyo.

Shikamoo. Nasoma mambo ya wanyamapori chuoni. Kila mhadhara wa Mara ni nyumbu na faru weusi. Je, kuna kiumbe kingine kilicho hatarini ambacho kinategemea makubaliano ya nchi hizi mbili?
*Mwanafunzi, Morogoro*

Marahaba, na swali lako limenifurahisha kuliko yote. Nyumbu hayuko hatarini kutoweka, ingawa mwaka wa ukame mkali Mara ndio mto anaoukimbilia kaskazini mwa Serengeti. Faru mweusi yuko hatarini kabisa, lakini adui wake wa kwanza ni jangili, maji yanafuata. Korongo taji yuko kwenye orodha ya walio hatarini tangu 2012, na vinamasi vinavyokauka au kulimwa ni sehemu ya shida yake. Nzohe wanajificha kwenye mafunjo ya Mara ya chini.

Ila ukitaka kiumbe ambacho hakiwezi kuokolewa na nchi moja, nenda kamtazame ningu.

Ningu ni samaki wa Ziwa Victoria na mito yake, hapatikani kwingine duniani. Mgongo wa kijani iliyofifia, mdomo umeangalia chini, midomo minene ya kukwangua mwani kwenye mawe. Ana miba mingi, na waliomzoea hawajali. Maisha yake yanafuata mafuriko. Mvua kubwa zikianza, mto ukipanda na kuwa na tope, ningu wanaacha ziwa na kupanda mtoni kwa makundi, wanatafuta nyasi zilizofunikwa na maji kandokando, wanataga humo. Mayai yanaanguliwa haraka, vifaranga wanakua kwenye yale maji ya kina kifupi, na mto ukianza kurudi nao wanateremka. Mafuriko yakiwa mafupi mno, vifaranga wanaachwa kwenye nyasi kavu. Yasipokuja, hawapandi.

Zamani ningu alikuwa samaki mkubwa wa biashara kwenye midomo ya mito yote hii. Kilichomponza ni nyavu za makila kutegwa mdomoni kabisa, mahali ambapo kundi zima, majike wamejaa mayai, halina budi kupita. Kufikia katikati ya karne iliyopita uvuvi ulikuwa umeporomoka, na sangara aliyeletwa ziwani miaka ya 1950 hakumsaidia. Leo Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira limemweka kwenye kundi la mwisho kabla ya kutoweka porini.

Sasa tazama ramani. Mdomo wa mto, kinamasi na nyavu viko Tanzania. Mvua, msitu na pampu vingi viko Kenya. Kirumi wakiondoa makila msimu wa kupanda lakini mafuriko ya kwanza yakaishia kwenye mabwawa ya juu, hakuna cha kupandia. Kenya wakiachia mafuriko yote lakini nyavu zikaziba mdomo, mafuriko yanapita bure. Kila nchi imeshika nusu ya uhai wa samaki huyu, na nusu haizai. Mpangilio wa maji wa nchi hizi ukimtumia ningu kama kipimo chake, naamini utakuwa bora kuliko ukimtumia nyumbu, ambaye hata mto ukikonda atahamia dimbwi jingine. Andikia tasnifu hiyo. Wasimamizi wako wakisema samaki hana watalii, waambie ndiyo maana anahitaji tasnifu.

Mzee, nimewahi kusikia kwamba Marekani majimbo matatu yalikaa yakagawana maji ya mto kwa ajili ya ndege. Ni kweli au ni stori za wafadhili?
*Msomaji, Mwanza*

Ni kweli. Mto ni Platte, na majimbo ni Colorado, Wyoming na Nebraska. Lakini usidhani walikaa kwa upendo. Colorado na Wyoming ziko juu, Nebraska iko chini, na kesi zao za maji zilifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, iliyotoa amri ya kugawana tawi la kaskazini mwaka 1945.

Kilichowasukuma mezani ni sheria ya shirikisho ya 1973 ya kulinda viumbe walio hatarini. Chini ya sheria hiyo, bwawa au mfereji wowote unaohitaji kibali au fedha za serikali kuu lazima uthibitishe kwamba hauangamizi kiumbe kilichoorodheshwa. Na katikati ya Nebraska, Platte ni kituo cha korongo weupe wa Amerika Kaskazini, ndege waliobaki ishirini na kidogo tu mwaka 1941. Wanalala usiku kwenye mchanga katikati ya mto mpana wa kina kifupi, ambapo mbwamwitu hafiki bila kusikika. Mabwawa yalipochukua mafuriko, miti ikaota kwenye mchanga, mto ukasinyaa, malazi yakaisha. Walikuwemo pia ndege wawili wanaotaga mchangani, mmoja wao buabua mdogo, na samaki mkubwa wa mto Missouri chini yake. Viumbe wanne.

Wakulima wakapiga hesabu: kila bwawa likipigania kesi yake peke yake, kila moja litashindwa peke yake. Bora waingie wote kwenye mpango mmoja. Makubaliano ya awali yakatiwa saini 1997, na baada ya karibu miaka kumi ya kubishana mpango ukaanza rasmi Januari 2007. Lengo liliandikwa kwa namba: kupunguza upungufu wa mto kwa wastani wa futi-ekari 130,000 hadi 150,000 kwa mwaka, ambayo kwa vipimo vyetu ni kama mita za ujazo milioni 160 hadi 185, pamoja na kulinda ekari 10,000 za makazi. Serikali kuu ikaahidi dola milioni 157 taslimu. Colorado ikatoa milioni 24, Wyoming milioni 6. Nebraska haikutoa fedha taslimu, ilitoa ardhi na maji, ikiwemo sehemu ya maji ya ziwa McConaughy iliyowekwa kwenye akaunti ya mazingira. Meneja wa akaunti hiyo anaagiza maji yaachiwe kwa tarehe na kiasi, jinsi mwenye shamba anavyoagiza ya kwake. Hicho kipengele ndicho ningekiiba kesho asubuhi.

Awamu ya kwanza ilipangwa hadi 2019, ikaongezwa hadi 2032. Buabua mdogo wa bara aliondolewa kwenye orodha ya hatari mwaka 2021, ingawa sifa hiyo si ya Platte peke yake, wengi wao wako mito mingine. Korongo weupe wanaohama kupitia huko sasa ni zaidi ya 500.

Kwetu kuna tofauti moja kubwa. Wale wana serikali moja juu yao inayoweza kumnyima kila mtu kibali. Kenya na Tanzania hazina mkubwa huyo, zina Jumuiya inayoshauri. Kwa hiyo msukumo hautatoka juu. Utatoka kwenye hofu ya hasara ya pamoja: hoteli za mbuga mbili, miji inayokunywa mto huu, na wavuvi. Hofu hiyo inatosha kama imehesabiwa. Haitoshi ikibaki kwenye hotuba.

Siku ya Mara ya kila 15 Septemba inasaidia nini, zaidi ya fulana na kofia?
*Msomaji, Narok*

Inasaidia kidogo. Imekuwepo tangu 2012, na maofisa wa pande mbili wanaofahamiana kwa majina hupigiana simu mto unapochafuka, jambo ambalo barua rasmi hulifanya kwa wiki. Fulana nazo huchakaa, hilo nakubali. Mwaka ujao waombeni waandaaji wabandike ukutani mtiririko wa mwaka mzima wa Bomet, Kapkimolwa na Mara Mines, karatasi moja kubwa, kila mtu asome kabla ya ngoma kuanza.

Shikamoo mzee wangu. Tumeitwa kwenye mkutano wa kijiji kuhusu bwawa linalopendekezwa kwenye kijito kimojawapo cha Mara. Wataalamu watakuja na michoro. Sisi si wasomi. Tuulize nini ili tusipewe soda na kurudishwa nyumbani?
*Mama wa vikoba, Serengeti*

Marahaba, dada yangu. Soda kunyweni, haina kosa.

Msianze na ukubwa wa bwawa, maana hapo watawazidi kwa michoro. Ulizeni kuhusu kuachia. Mwezi wa kiangazi kikali, lango litaachia lita ngapi kwa sekunde, na hizo zimeandikwa wapi, kwenye kibali au kwenye hotuba? Kama ziko kwenye kibali, ombeni msomewe mstari huo. Kisha ulizeni mafuriko ya kwanza ya masika: yatapita, au yatakamatwa yote kujaza bwawa? Mtaalamu anayejua kazi yake atajibu mara moja. Anayetazama wenzake, andikeni jina la ofisi yake.

Ulizeni kama jirani amejulishwa. Itifaki ya 2003 inataka hivyo kwa mradi unaoweza kuathiri upande wa pili, na ninyi mlio Serengeti mko juu ya watu wa Butiama na Musoma, nao watawauliza, hivyo swali hilo linawalinda ninyi na wao. Ulizeni pia nani atasoma geji chini ya bwawa. Akiwa mwajiriwa wa bwawa lenyewe, ombeni daftari la pili likae kwa jumuiya ya watumia maji, na msomaji wake awe mtu wa kijiji anayelipwa, hata kidogo. Wasichana wenu waliomaliza kidato cha nne wanaiweza kazi hiyo bila shida: ni kusoma rula, kuandika saa na kimo, na kutuma kwa simu.

Na lile la mita 60 kutoka ukingoni, ambamo sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kudhuru mazingira, watawatajia ninyi mkulima mmoja mmoja. Ulizeni kama michoro yao ya kambi, barabara na machimbo ya mchanga nayo imeuheshimu. Kumbukumbu za mkutano zisainiwe kabla hamjatawanyika, nakala moja ibaki kwa mtendaji wa kijiji na nyingine kwenye kikoba chenu.